Springi ngumu ndizo huinua gari, au ni urefu wake? (Prado 120 imepanda nyuma kupita kiasi)

#1 Njoro_Prado
Salamu wakuu. Nina Prado 120 ya mwaka 2006. Nyuma ina springi za koili, si zile za hewa. Za zamani zilikuwa zimelala, na nikibeba mitungi ya maziwa kutoka Mau Narok gari linagonga raba za chini kila shimo. Dukani nikashauriwa nichukue za mzigo mzito, zenye waya mnene, na nikafunga shokabsoba mpya za gesi papo hapo. Sasa gari likiwa tupu, nyuma imepanda sentimita 6 kuliko zamani. Taa zinamulika chini karibu na bampa, na nikipita 90 usukani umekuwa mwepesi hadi naogopa. Fundi anasema ni kawaida, springi ikiwa ngumu lazima gari lipande. Lakini jirani ana Prado kama hii, springi zake ni ngumu kuliko zangu, na gari lake liko chini. Sasa ni ugumu unaoinua gari au kuna kitu kingine?

#2 MzeeMenengai
Fundi wako amesema kweli. Nimeendesha magari ya milimani tangu wakati wa Land Rover za springi za mabamba. Springi ngumu hukataa kubonyea, na isipobonyea gari hubaki juu. Pakia maziwa yako uone kama halitashuka likae sawa.

#3 Omera_Kondele
Nimekaa hapa mbele kabisa. Jaduong' wa Menengai akianza na Land Rover, huu uzi utafika kesho kutwa.

#4 MwlFizikia_Kakamega
Kwa heshima zote, mzee wangu, umetaja nusu ya jambo.

Kimo cha gari hutokana na vitu vitatu kwa pamoja: urefu wa springi ikiwa haina mzigo, ugumu wake, na uzito ulioikalia. Ni kanuni ya Hooke ile ile tunayofundisha sekondari. Tuchukue mfano. Springi ina urefu wa mm 400 ikiwa chini sakafuni, na kila mm moja ya kubonyea inadai kg 4. Ukiikalisha kg 480 itabonyea mm 120, ibaki mm 280.

Sasa chukua nyingine ya urefu ule ule wa mm 400, lakini inadai kg 5 kwa kila mm. Itabonyea mm 96 na kubaki mm 304. Gari limepanda mm 24, na hapo mzee yuko sawa. Lakini mtengenezaji akiikata hiyo hiyo ngumu tangu kiwandani iwe na mm 376, gari litakaa mm 280, sawasawa na ile laini. Akiifanya mm 360, gari litakuwa ngumu zaidi na chini zaidi. Naona gari la jirani ni la aina hiyo.

Ugumu wenyewe utauhisi uzito unapobadilika. Ongeza kg 120 kwa kila springi: ile laini itashuka mm 30, ngumu mm 24. Tofauti ni mm 6 tu! Watu hununua springi ngumu wakidhani mzigo hautashusha gari kabisa, kumbe sehemu kubwa ya kile wanachokiona ni kwamba gari lilianza juu zaidi.

#5 Njoro_Prado
Asante mwalimu, hii nimeielewa. Mitungi ni minne, ya lita 50 kila mmoja.

#6 MwlFizikia_Kakamega
Basi maziwa peke yake yanapita kg 200, ongeza mitungi yenyewe. Ile kg 120 kwa kila springi niliyotaja haiko mbali.

#7 FundiKibuye
Mimi nakata na kufunga springi kila wiki hapa Kisumu, wacha niwape mfano wa mikono. Wapo wateja wanaotaka gari lishuke. Ukikata mzunguko mmoja wa koili, gari linashuka, na ukiliendesha unakuta limekuwa gumu kuliko kwanza. Kama ugumu ndio unaoinua, mbona hilo limeshuka? Mzee wa Menengai anijibu.

#8 MwlFizikia_Kakamega
Fundi amemaliza kazi. Na hesabu inakubali. Ugumu wa koili unafuata vitu vinne: unene wa waya, upana wa koili, idadi ya mizunguko inayofanya kazi, na chuma chenyewe. Mizunguko ikipungua, ugumu unapanda. Ile springi yangu ya mm 400 ikiwa na mizunguko 8, ukikata mmoja inabaki mm 350, na ugumu unatoka kg 4 hadi karibu kg 4.6 kwa mm. Chini ya kg 480 itakaa mm 245. Imeshuka mm 35 ilhali imekuwa ngumu zaidi.

Waya ndio wenye nguvu kuliko vyote, kwa sababu ugumu unafuata unene wake uliozidishwa kwa wenyewe (unene × unene × unene × unene). Kutoka mm 14 hadi mm 15 unaona ni kitu kidogo, lakini ugumu unapanda kwa asilimia 32 hivi, mengine yote yakibaki sawa.

#9 MzeeMenengai
Mwalimu, sijakataa kwamba springi fupi inashusha gari. Mtu akikata springi ameondoa chuma, hilo hata mtoto anaona. Nasema juu ya springi nzima, ya gari lile lile, mtu akiibadilisha na nzito. Hiyo hupanda, na gari la huyu kijana limepanda. Mnabishana na gari lenyewe?

#10 JimnyWaElgon
Mzee, mtu akinunua "nzito" dukani, mara nyingi ni ndefu pia, au ina urefu ule ule lakini imepigiwa hesabu ya mzigo wa kudumu: bampa la chuma, winchi, tangi la pili. Ukiifunga kwenye gari tupu, kilichokusudiwa kumezwa na mzigo kinakuwa kimo. Ndiyo maana watengenezaji wazuri huuliza kwanza gari linabeba kilo ngapi *kila siku*, si siku ya safari.

Jimny yangu ina springi laini za kuinua gari sm 5 na inapanda njia za juu ya Kapsokwony wakati wa mvua bila shida. Ningeweka ngumu, gurudumu moja lingening'inia hewani kila penye mtaro na tairi lingezunguka bure. Kwenye ule udongo mwekundu ukilowa, gurudumu likiacha kugusa chini umeenda.

#11 Omera_Kondele
Dada yangu, Jimny ni nyepesi. Hata ukiifunga kalamu za risasi itapanda tu.

#12 JimnyWaElgon
Njoo Chepkitale mwezi wa nne na hiyo Probox yako uliyoiinua, tutaongea vizuri.

#13 Omera_Kondele
Probox yangu iheshimiwe. Ina raba katikati ya koili na inapita Ahero hata maji yakiwa barabarani.

Lakini niulize kweli: zile raba zinazouzwa kila mahali, unazibana kati ya mizunguko miwili ya springi, zinafanya nini hasa? Gari langu lilipanda siku hiyo hiyo.

#14 FundiKibuye
Zinaziba mzunguko mmoja usibonyee. Gari linapanda kwa sababu ile nafasi haifungi tena, na linakuwa gumu kwa sababu mizunguko iliyobaki kufanya kazi ni michache. Kwa hiyo hapo umepata vyote viwili, omera: kimo na ugumu. Ubaya ni kwamba mzunguko wa jirani unabeba kazi ya mwenzake, na mchanga unaingia kati ya raba na chuma na kukwaruza rangi. Rangi ikitoka, kutu inaingia, na springi huvunjikia hapo hapo. Zimeletwa kwangu nyingi zilizokatika sehemu ile ya raba.

Spesa, yaani kipande kinachowekwa chini au juu ya springi, ni tofauti. Hiyo inainua tu, ugumu wa springi unabaki ule ule.

#15 DMax_Molo
Mbona gari langu ukiinua mbele linakuwa gumu hata bila kubadilisha springi? Nina D-Max ya zamani, mbele haina koili, ina yale mafito ya chuma yanayojisokota. Kuna boliti nyuma, ukiikaza mbele inapanda. Niliikaza nikapata kimo kizuri cha barabara za Kuresoi, lakini sasa kila tuta linanipiga mgongoni. Kwa hiyo kwangu kimo na ugumu vilikuja pamoja. Mzee ana hoja.

#16 ChaiNandi
Ndugu wa Molo, lile fito halijawa gumu. Ugumu wake ni unene na urefu wake, na boliti haigusi hivyo. Ulichofanya ni kusogeza mahali linapoanzia. Kinachokupiga ni kwamba mkono wa juu (chuma kinachoshika gurudumu) sasa uko karibu sana na raba yake ya kuzuia, ile ya gurudumu linaposhuka. Gurudumu likitaka kushuka shimoni halina nafasi, linagonga raba, na wewe unahisi ugumu. Rudisha boliti kidogo, uache gurudumu liwe na nafasi ya kushuka, na ule ugumu utapungua bila kugusa kitu kingine.

Nimelisema hili kwa sababu watu wengi huku kwetu Nandi Hills huhukumu springi kwa kile kiuno kinachosema. Kiuno husikia kila kitu kwa pamoja: shokabsoba, raba, upepo wa tairi, bushi (raba za kwenye viungo vya mikono). Tairi la gari zito likiwa na upepo mwingi kupita kiasi, hata springi laini itaitwa ngumu.

#17 DMax_Molo
Nitajaribu. Sikuwa nimeangalia hizo raba kabisa.

#18 Bungoma_Diseli
Kuna jambo hamjaligusa. Njoro_Prado anasema za zamani "zilikuwa zimelala". Je, zilikuwa zimelegea au zimefupika?

Karibu kila gereji utaambiwa springi ya zamani imechoka, imekuwa laini. Si hivyo. Ugumu ni umbo la koili na tabia ya chuma ambayo haibadiliki kwa kuzeeka. Kinachotokea ni kwamba baada ya miaka ya mzigo, chuma kinakubali kujikunja kidogo na hakirudi. Urefu unapungua, ugumu unabaki karibu pale pale. Kwa hiyo zile sm 6 ulizopima hazikuanzia kimo cha kiwandani. Zilianzia kimo cha springi iliyokwisha kufupika. Huenda gari lako liko sm 3 tu juu ya lilivyotoka Japani.

#19 MzeeMenengai
Sasa hili la Bungoma nalipinga waziwazi. Nimefungua springi za zamani kwa mikono yangu na ukizikalia unahisi zinacheza. Mpya hazichezi.

#20 Bungoma_Diseli
Mzee, kutu ikila waya hadi unene upungue, hapo ndipo ugumu hushuka kweli, kwa sababu ya ile hesabu ya mwalimu ya unene. Lakini springi yenye rangi yake nzuri iliyolala tu haijawa laini. Zipime zote mbili kwa jeki na mizani, utaona.

#21 FundiKibuye
Tena msikubali mtu "azivute" kwa moto. Wako watu wanaotia springi iliyolala kwenye makaa, wanaivuta irefuke, wanairudishia. Gari linapanda na mteja anafurahi. Baada ya muda mfupi inalala tena, safari hii upande mmoja zaidi ya mwingine. Chuma cha springi kilipata ugumu wake wa kutokunjika kwa joto lililopimwa kiwandani, na moto wa makaa unaufuta. Watasema waliizamisha kwenye oili. Oili peke yake bila kuirudisha kwenye joto la kadiri inakupa chuma kinachovunjika. Nimekataa kazi hiyo mara nyingi na nitaendelea kuikataa.

#22 ChaiNandi
Fundi Mungu akubariki kwa hilo.

#23 KanoPlains
Naomba kuuliza jambo la kando. Nataka kuinua Land Cruiser ya 80 kwa sababu ya ule udongo mweusi wa Kano ukilowa, difu (lile bakuli la gia katikati ya magurudumu) inakaa kwenye matope. Springi za kuinua gari sm 5 zitatosha?

#24 JimnyWaElgon
Kwa difu hazitafanya chochote! 80 zina ekseli nzima (mti mmoja wa chuma unaounganisha magurudumu ya kushoto na kulia) mbele na nyuma. Springi huinua mwili wa gari juu ya ekseli, na difu inabaki pale pale kutoka ardhini. Kinachoinua difu ni tairi kubwa, na hata hapo unapata nusu tu: tairi likiongezeka inchi 2 kwa upana wa duara, difu inapanda inchi 1. Springi zitakusaidia kupata nafasi ya hilo tairi, na kuinua tumbo na vizingiti visikwame.

Kwa Prado ya Njoro, mbele magurudumu yanajitegemea na difu imefungwa chini ya chesisi, kwa hiyo mbele ukiinua springi difu inapanda pia. Nyuma haipandi.

#25 KanoPlains
Hii imeniokolea pesa. Asante dada.

#26 Omera_Kondele
Na magari ya Safari Rally je? Tangu mbio zirudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021 pale Naivasha, naona magari yako juu, na yakitua kwenye mawe yanabonyea hadi unashangaa. Juu na laini.

#27 MwlFizikia_Kakamega
Huo ni ushahidi mzuri kuliko hesabu zangu. Gari la rali likienda mbio za lami linashushwa na kuwekewa springi ngumu. Likija kwenye vumbi linainuliwa na kuwekewa laini zenye safari ndefu ya kubonyea. Gari la aina moja, na ugumu na kimo vinaenda njia tofauti kabisa.

#28 MzeeMenengai
Wale wana wahandisi na malori ya spea. Kijana ana mitungi ya maziwa. Nabaki nilipo: badilisha moja tu, ugumu, acha mengine yote, na gari litapanda. Mwalimu mwenyewe amesema hivyo kwenye #4.

#29 MwlFizikia_Kakamega
Hapo nimekubali, mzee. Mengine yote yakibaki sawa. Shida ni kwamba dukani hayabaki sawa.

#30 ChaiNandi
Njoro, kabla hujatafuta springi nyingine, fundi alipofunga, alikaza boliti za mikono ya nyuma gari likiwa limening'inia kwenye jeki? Bushi za raba zimeshikwa na boliti, zinajisokota, hazitelezi. Ukizikaza gurudumu likiwa limeshuka, ukishusha gari kila bushi inasukuma kurudi pale ilipokazwa. Inafanya kazi ya springi ndogo na kulishikilia gari juu, kisha inapasuka mapema. Ziachiwe zote, gari likae kwa uzito wake, zikazwe upya.

Na hizo shokabsoba za gesi nazo husukuma fimbo nje. Si nyingi, ni milimita chache, lakini zihesabu.

#31 Njoro_Prado
Ndiyo, alikaza zote gari likiwa juu ya jeki. Nilikuwepo.

Nimepima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi, si kutoka ardhini. Springi za zamani bado ziko stoo: ya kushoto mm 382, ya kulia mm 376, waya mm 14. Kwenye karatasi ya mpya imeandikwa mm 402 na waya mm 15. Nikipakia mitungi minne, nyuma inashuka na gari linakaa karibu usawa, na usukani unarudi kuwa mzito.

#32 MwlFizikia_Kakamega
Tushike mzigo ule ule wa mfano na tuseme upana na mizunguko ni sawa. Waya peke yake: mm 120 za kubonyea zinakuwa 91. Umepata mm 29. Urefu: 402 toa 382, mm 20. Jumla mm 49 kati ya 60. Hizo 11 zilizobaki nawaachia bushi na gesi.

#33 MzeeMenengai
29 kwa 20. Ugumu umeshinda. Asanteni.

#34 Bungoma_Diseli
Haujashinda, mzee. Ya zamani ilikuwa na urefu gani ikiwa mpya? Kama ilikuwa 402 vilevile, basi zile 20 ni springi kulala. Na mwalimu amesema *tuseme* mizunguko ni sawa. Springi ya waya mnene mara nyingi huongezewa mizunguko. Ikiwa ya zamani ni 8 na mpya ni 9, ule ugumu wa asilimia 32 unashuka hadi 17 hivi.

#35 FundiKibuye
Kweli. Ingia chini ya gari uhesabu, na usihesabu mizunguko ya mwisho iliyolala bapa, hiyo haifanyi kazi. Pia angalia kulia: ya zamani upande wa dereva ilikuwa fupi kwa mm 6, na sisi hukaa kulia. Baadhi ya watengenezaji huuza ya kulia na kushoto zikiwa tofauti, zina alama ya rangi au herufi. Hakikisha hazikufungwa kinyume.

#36 JimnyWaElgon
Na ukiwa huko chini, tazama paipu ya breki inayoenda kwenye ekseli ya nyuma gurudumu likiwa limening'inia kabisa. Isiwe imenyooka kwa kuvutika. Tazama pia fimbo ya Panhard, ile inayovuka kutoka chesisi hadi ekseli. Gari likipanda inavuta ekseli upande mmoja. Taa zirekebishwe leo, usingoje springi. Usukani mwepesi unatokana na pua kuinama, ambayo imepunguza kasta, yaani mlazo wa kuelekea nyuma wa mhimili ambao magurudumu ya mbele hugeukia. Usiende 90 hadi ulimalize hilo.

#37 DMax_Molo
Nimerudisha ile boliti mizunguko michache. Mbele imeshuka kidogo na tuta la pale Elburgon nimelipita nikinywa chai. Ila mke wangu anasema bado ni ngumu.

#38 Omera_Kondele
Upepo wa tairi ni ngapi?

#39 Njoro_Prado
Nimepanga na fundi mwingine Jumamosi, tuachie bushi zote na kuzikaza gari likiwa chini. Mizunguko nitahesabu siku hiyo hiyo. Kuna anayejua kama springi za daraja la kati kwa 120 zinapatikana Nakuru mjini, au lazima niagize Nairobi?